Picha ya Kwenye Lubugo

Kaagya, Bukoba
9 Machi 1976

Kwa kaka yangu mpendwa Aroni,

Salamu zangu zikufikie huko Dar es Salaam, wewe na wifi yangu na watoto, nikitumaini zinawakuta salama. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mvua zimeanza, kahawa imechanua, na Shangazi Kokwijuka anakusalimu sana. Bado analalamikia mgongo na bado hataki kupumzika. Nami ni mzima, ila usingizi ndio haba.

Barua yako nimeipata. Umeniuliza mara ya pili sasa kwa nini siitumi ile picha niliyoichora kwenye lubugo, ile nguo ya gome la mtoma. Unasema mhariri wenu wa kile kitabu cha watu waliohamia mwezini hajaridhika na mchoraji yeyote, nawe umemsimulia picha yangu, uliyoiona ulipokuja likizo, mpaka amekubali kunipa kazi akiiona kwa macho yake. Unasema hii ndiyo njia yangu ya kutoka kijijini. Kaka, nakuomba usome polepole, maana jambo lenyewe siwezi kulieleza kwa mkato.

Unakumbuka lile sanduku la majarida ya Kizungu aliloliacha mmisionari, tulivyokuwa tukilala kifudifudi kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni tukiyapekua? Maneno yake hatukuyajua, basi tukasoma picha. Wewe ulikuwa upande wa yule mchoraji aliyetia sahihi ya ndege mdogo: mistari myembamba, vyombo vya angani vinang'aa, kila msumari unaonekana, na anga tupu mpaka mtu asikie baridi. Mimi nilikuwa wa yule tuliyemwita Masizi kwa kuwa hakutia jina: wino mzito, majitu yanatokeza nusu tu gizani, nusu nyingine anakuachia uimalizie mwenyewe. Tuligombana mpaka Tata, baba yetu, akatishia kuyachoma yote. Wewe ulisema Masizi anaficha asichojua kuchora. Mimi nilisema Ndege hajawahi kuogopa kitu maishani mwake. Mpaka leo naona nilisema kweli.

Lakini wale wawili wamenikalia mkononi. Kila nilichochora kwenye karatasi tangu utoto, nikikitazama vizuri, ni cha Ndege au ni cha Masizi. Changu mimi, Penina, hakipo. Kisha karatasi zikaadimika dukani, nami nikafanya jambo ambalo sikukwambia hata ulipoiona picha. Nilifungua sanduku la Mama, nikaitoa lubugo aliyojiwekea ya kuzikiwa, nikaichora kwa utomvu wa mgomba uliochanganywa na masizi ya chungu. Ulikuwa wazimu, najua. Utomvu ukishaingia kwenye gome lile hautoki, na hakuna kufuta. Mstari mwembamba ulitanuka wenyewe, weusi ukafifia ukawa kahawia, basi Ndege akashindwa na Masizi akashindwa. Ukatoka mji unaoelea juu ya ziwa, kati ya kisiwa cha Bumbire na mawingu, wenye vibanja vyake vya migomba na moshi wa majiko yake. Hiyo ndiyo picha pekee niliyoichora mimi.

Mama alipoigundua hakunipiga wala hakunitukana. Alipolala na ugonjwa ndipo akaniagiza nimfunike nayo. Alitaka kujua kila kitu ni nini, nani anakaa nyumba gani, maji wanateka wapi kule juu. Kisha akauliza yeye yuko wapi. Sikuwa nimemchora. Nikamchora amekaa mlangoni anamenya ndizi, naye akalalamika kwamba nimemnenepesha.

Wewe ulipofika na meli tulikuwa tumeshamzika, na hukuuliza tulimzika na nini. Nami sikusema. Mama amelala nayo, Aroni, upande wenye picha umemwelekea.

Usidhani kwamba nililazimishwa. Shangazi alipoikunjua alishtuka, akasema haifai mtu kwenda mbele ya Mungu na madudu yale, akaleta shuka jeupe ulilomtumia Mama Krismasi, akaniambia nichukue picha yangu nikaitunze. Na ile barua yako ya kwanza, ya habari za mhariri, ilikuwa imenifikia siku iliyotangulia. Ilikuwa mfukoni mwangu nikiwa nimesimama pale. Nilijua ninachokizika. Nikasema Mama azikwe na lubugo yake.

Nimejaribu kuichora upya. Karatasi ulizonitumia zimekwisha, na juu ya zote wametokea Ndege na Masizi. Mzee Buberwa aliyekuwa akitengeneza lubugo amefariki, na mitoma yake imesimama tu, hakuna anayejua kuibandua gome. Mwambie mhariri atafute mtu mwingine. Usimpe matumaini.

Wala usiniandikie kwamba nilifanya vema. Kuna siku napalilia karibu na kaburi, najikuta nimesimama na jembe, nafikiria mvua hizi na jinsi gome lisivyodumu ardhini, nafikiria kwamba labda bado halijaoza. Shangazi ameniona. Sasa upande ule anaupalilia mwenyewe, na mgongo wake ule, na jembe anaingia nalo chumbani kwake.

Nisalimie wifi na uwabusu watoto. Ukija, pitia kwanza kwa Shangazi umsaidie kupalilia.

Ni mimi dada yako,
Penina