Mapera ya Alhamisi

Shangazi mpendwa wa ukurasa huu,

Shikamoo. Nakuomba unisaidie, na usinionee haya kunikaripia, maana mimi nimeshajikaripia mwenyewe mpaka nimechoka na haijanisaidia kitu.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na minne, nimeolewa, watoto wangu wawili wako shule ya bweni, na kazi yangu ni mtunza stoo katika jiko la chuo kimoja, jiko linalolisha watu zaidi ya mia tatu kila siku, kwa hiyo maisha yangu ni nyanya, karoti, kabichi na spinachi, na adui yangu ni mmoja tu, kuoza. Stoo ina sheria ambayo nimeishi nayo miaka kumi na saba, kilichoingia kwanza ndicho kinachotoka kwanza, hufungui kreti mpya hata inukie vipi kabla hujamaliza ya zamani, isipokuwa siku mkurugenzi ana wageni wake, siku hiyo tunafungua kile kizuri.

Sasa mwaka jana nikanunua kwa ajili ya nyumbani ile mifuko ya kuhifadhia matunda na mboga, ile yenye vitundu vidogo vidogo, na Shangazi nisiseme uongo, mifuko ile ni kiboko. Huoshi mboga kwanza, unazifuta tu mpaka zikauke, unatia kipande cha karatasi cha kunyonya unyevu, unafunga bila kukaza, huchanganyi ndizi mbivu na majani kwa sababu ndizi inawaharibu wenzake, unaweka jokofuni, na spinachi iliyokuwa inalala siku ya tatu sasa inafika wiki mbili imesimama wima. Kila mfuko nikaubandika utepe wa karatasi, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito siku ulipoingia na siku ya kufunguliwa. Mume wangu akawa anacheka, anasema nimeleta kazi nyumbani, mimi mwenzake naona sifa. Miezi mitano mfululizo sikutupa hata jani la kitunguu! Lakini kuna kitu nimekiona juzi tu, kwamba miezi mitano hiyohiyo hatukuwahi kula kitu kikiwa kipya. Kila siku tulikula kilichokaribia kuharibika, na kile kizuri kikawa kinangoja mpaka nacho kikaribie.

Mama mkwe alikuwa anaishi na sisi. Mume wangu ndiye aliyemleta, tena kwa lazima, baada ya kuanguka mara mbili nyumbani kwake akiwa peke yake. Hakutaka kuiacha nyumba yake wala mti wake wa mapera, alioupanda kwa mkono wake uani, na siku tunapakia godoro lake garini alimwambia mwanawe mbele yetu sote, "Umenitoa kwangu kama furushi. Iko siku nitakataa chakula chako, ndipo utajua." Zilikuwa hasira za siku ile tu, kesho yake alikula vizuri na akaomba aongezwe, lakini mume wangu neno lile lilimkaa moyoni. Mimi na Mama tulipatana, sitaki ufikiri vingine. Alikuwa mtu wa utani, akifungua jokofu langu anasema, "He! Mwanangu, hata karoti umezivalisha? Ngoja kwanza nipige hodi."

Mwezi uliopita akaugua, miguu ikavimba, pumzi ikawa ya shida, daktari akasema moyo umechoka, mrudisheni nyumbani mkae naye. Nikaomba ruhusa kazini. Chakula kikamshinda, uji vijiko viwili, maji kidogo, basi. Jumapili wifi yangu, ambaye sasa ndiye anayekaa katika nyumba ile ya Mama, akaja na mapera ya mti wake, kumi na mawili, ndiyo kwanza yameanza kuiva, yananukia mpaka barazani. Akamkuta Mama amelala, akaniambia akiamka nimpe, akaenda zake. Mimi nikayafuta moja moja, nikayatia mfukoni, nikaandika kwenye utepe, "Jumapili. Fungua Alhamisi." Kwa sababu mle jokofuni mlikuwa na mapera mengine matano ya sokoni, ya wiki iliyotangulia, yameshaanza kulainika.

Jumatatu Mama akaniita. "Mwanangu, nasikia harufu ya mapera yangu." Nikamletea yale ya sokoni, nimekata sehemu zilizoingia weusi, nimepanga vipande kwenye sahani. Akatia kimoja mdomoni, akakitoa, akakishika kiganjani. "Siyo haya. Yangu." Nikamwambia, Mama, tumalize haya kwanza, yataharibika, yale zamu yake Alhamisi. Akasema, "Sawa." Jumanne akauliza tena, sauti imekuwa ndogo mpaka niliinama, "Alhamisi ni lini?" Nikamwambia keshokutwa. Akatabasamu, Shangazi, akasema, "Basi nitangoja."

Jumatano saa nne asubuhi, nambadilisha foronya, akakata roho mikononi mwangu.

Siku ya tatu baada ya mazishi tulikuwa jikoni, mimi na wifi tunaosha vyombo, mume wangu amesimama mlangoni na glasi ya maji, wifi akaniuliza, "Mama aliyaonja mapera yake?" Mdomo wangu ukajibu wenyewe, nikasema, "Aliyakataa." Mume wangu akauliza, "Aliyakataa? Mapera yake mwenyewe?" Nikaitika. Akaiweka glasi mezani polepole, akasema, "Basi ametimiza." Akaondoka.

Tangu siku hiyo hali chakula. Anachota vijiko viwili anasukuma sahani, mkanda ameutoboa tundu jingine, akirudi kazini anakwenda kukaa kwenye kiti kando ya kitanda cha mama yake, kitanda kitupu. Amemwambia dada yake kwamba yeye ndiye aliyemuua Mama kwa uchungu, kwamba amekufa ana kinyongo naye. Na kibaya zaidi, mbele ya ndugu wote alisimama akanishukuru, akasema, "Huyu mke wangu alimlisha Mama kwa mkono wake mpaka dakika ya mwisho." Watu wakanishika mikono. Nilitamani ardhi inimeze.

Mfuko bado uko nyuma kabisa ya jokofu, na utepe wake, na mwandiko wangu. Leo ni siku ya kumi na sita. Jana niliufungua kidogo nikachungulia, moja lina doa, mengine kumi na moja yako kama yalivyoletwa. Mume wangu anafungua jokofu kila siku kuchukua maji, mfuko anauona, utepe hausomi. Naona mimi ndiye niliyemuua Mama. Nikisema kweli naogopa ndoa yangu itakwisha, tena kwa ajili ya mapera. Nikinyamaza naye ananimalizikia machoni. Je, niubandue utepe ule, niyatupe, nijikaze tu mpaka yapite? Nishauri, nitafanya utakachosema.

Ni mimi,
Mtunza Stoo

*

Mtunza Stoo,

Marahaba, na pole kwa msiba. Ipokee pole hiyo kabisa, kwa sababu yanayofuata si pole.

Hukumuua. Daktari aliwaambia moyo umechoka, na moyo uliochoka hauponi kwa pera. Hata angeyala yote kumi na mawili, Jumatano ingefika na angekwenda. Sitaki kulisoma tena neno hilo, linakufanya uonekane mkosaji mkubwa ili usitazame kosa lako lenyewe, ambalo lina ukubwa wake wa kutosha.

Haya, tulitazame. Unaniambia sheria, sheria, miaka kumi na saba ya sheria. Mwenyewe umeandika hapo juu kwamba mkurugenzi akiwa na wageni mnafungua kile kizuri. Kumbe inavunjika! Imekuwa ikivunjika miaka yote hiyo, kwa watu usiowajua hata kwa sura, wala hukuwahi kukosa usingizi. Mama wa mumeo, kitandani, anaomba tunda la mti wake mwenyewe, ukamkatia weusi ukampa kilichobaki. Nimeiweka barua yako chini hapo, nikazunguka meza, ndipo nikaendelea kusoma. Ulikuwa umeshika rekodi yako ya kutotupa jani, mama wa watu akawa anasimama nyuma ya foleni ya mapera ya sokoni.

Naamini hukuwa na roho mbaya naye. Uliuguza, ulimwinamia akinong'ona, ulimbadilisha foronya. Hilo nalijua ni kazi na machozi, na siliondoi. Watu wengi wazuri wamefanya kama wewe, wakamwekea mgonjwa kitu kizuri mpaka siku ambayo hakuifikia. Ungeniandikia hilo tu, ningekwambia lia, omba radhi kwa Mungu wako, uishi.

Ila kuna lile neno "aliyakataa". Hilo halikukuponyoka tu, unaliongeza kila siku unayonyamaza. Hebu soma tena ulichoniandikia. Mama yule hakukataa. Aliomba mara mbili, akaambiwa angoje, akatabasamu akakubali. Huyo ni mtu asiye na kinyongo na mtu yeyote katika nyumba ile, na mwanawe ndiye aliyestahili kuyasikia maneno hayo kuliko sisi wote. Badala yake nimeyasikia mimi, mwanamke asiyekujua, kwa barua. Ulimnyima mama pera, sasa unamnyima mwana maneno ya mwisho ya mama yake. Na mtu anatoboa mkanda.

Kwa hiyo utepe huubandui, na mapera huyatupi. Leo hii akirudi kazini, mfuate kwenye kile kiti, chumbani kwa Mama, kabla hujaandaa chakula. Uingie na mfuko mkononi, umefungwa, utepe juu. Umwambie hivi, na kwa mpangilio huu, "Mama hakukataa. Mimi ndiye niliyemnyima." Usianze na stoo, wala na mapera ya sokoni, wala na jinsi ulivyochoka kuuguza. Halafu mweleze Jumatatu, halafu Jumanne, neno kwa neno, usiruke lile la "nitangoja", hilo ndilo lake. Na ujizuie kulia mpaka umalize, maana ukianza wewe atalazimika kukubembeleza, na zamu ya kubembelezwa siyo yako.

Atakasirika. Huenda akatoka, huenda akahamia chumba kile wiki nzima asikusemeshe. Mwache. Usimfuate na maelezo, na usimtume mtu wa kukuombea. Akishasikia yeye, mpigie wifi yako simu, umwambie maneno yaleyale, naye usimpunguzie. Na zile shukrani ulizopewa mbele ya ndugu, zirudishe, mwambie mumeo mwenyewe kwamba hukuzistahili. Kama ndoa yako itasimama baada ya hapo sijui, na nikikuahidi nitakuwa nakudanganya. Ninachojua ni kwamba mnayoishi sasa imesimama juu ya kiti kile kimoja na mtu asiyekula, na hapo haifiki mbali.

Mifuko usiilaumu, haina kosa. Mimi mwenyewe ninayo, na karatasi ya unyevu naweka, na ndizi natenga. Ilifanya kazi yake kuliko wewe ulivyofanya yako. Lakini nyumbani mwako toa tepe zote. Nunua kidogo, kila mfuko ufungue, mle kilichomo kikiwa bado kizuri, na kikioza kimoja, kitupe, hutakufa. Mzee na mgonjwa hawana foleni. Wakitaja kitu, inuka ukalete.

Mkabidhi ule mfuko aufungue mwenyewe. Akila, kaa naye, kula naye. Asipokula, usimshurutishe, ila usiyarudishe jokofuni. Na usinijibu kwamba unasubiri siku nzuri, wiki ikiisha, watoto wakirudi, arobaini ipite. Aliyekubali kungoja hayupo tena. Huyu uliyebaki naye usimngojeshe.

Shangazi