Mstari wa Oktoba

Jumatatu, 12 Mei 2025

Nimerudi kutoka Ihembe na hasira. Nilikuwa katikati ya hotuba kwenye mkutano wa chama cha msingi cha wakulima, naeleza tena ubaya wa butura — mkulima anauza kahawa ingali ua mtini, kwa robo ya thamani yake, na mavuno yakija si yake. Ndipo Nolasco akainua mkono. Nolasco mwenye pikipiki tatu na mizani stoo. Kila mtu anajua ananunua maua, hakuna anayemtaja. Akauliza kwa upole, kama mtu anayeulizia njia: Mwalimu anahesabu pesa za kila mtu, je, za nyumbani kwake anazijua?

Wakacheka. Hata wanawake wa benchi la nyuma.

Nikaapa mbele yao wote: Jumamosi ya tarehe 24 nitasoma hesabu ya nyumba yangu, Oktoba mpaka leo, shilingi kwa shilingi. Nikishindwa, sitafungua tena mdomo kuhusu butura. Miaka kumi na moja ya kupigania jambo moja, nimeiweka rehani kwa sababu ya kicheko!

Jumanne, 13 Mei 2025

Rubwera, dukani kwa Ukasha. Anauza simu, anatengeneza simu, na ndiye anayenirekebishia kompyuta kila inapogoma. Nilimwambia nataka programu ya hesabu, ile yenye picha za rangi. Akacheka. Shikamoo Mwalimu, lakini picha za rangi ni za wanasiasa.

Akafungua dirisha jeusi. Hakuna kitufe hata kimoja. Unaandika amri, unabonyeza, linajibu. Matumizi yenyewe yako kwenye faili la maandishi matupu — naweza kulisoma kama barua! Kila tukio lina pande mbili: pesa imetoka wapi, imekwenda wapi. Pande hizo zisipolingana, linakataa. Amri nyingine Ukasha amenifupishia kwa Kiswahili. Naandika *salio*, linanipa salio.

Nimesoma wachumi wa kila mrengo na nimegombana na wote. Hakuna aliyewahi kuniambia jambo hili kwa maneno machache hivi: pesa haipotei, inahama.

Ijumaa, 16 Mei 2025

Siku tatu sijaandika barua ya gazeti hata moja. Nimeingiza risiti, ujumbe wa simu, daftari la sukari na sabuni la mke wangu, Mama Joviana. Nimeandika *jumla*.

Chumvi, sabuni na mafuta ya kupikia, miezi minane: 188,400.
Bando la simu yangu: 212,000.

Nimekaa nikiitazama ile namba. Haikunitukana. Haikucheka. Ilikaa tu pale, nyeupe juu ya nyeusi. Nimetumia zaidi kuwagombeza watu kwenye makundi ya simu kuliko kuitia nyumba yangu chumvi! Nilitamani kubishana nayo. Utabishana vipi na kitu ambacho hakitaki kushinda?

Jumapili, 18 Mei 2025

Baada ya misa, kazi. Desemba imelingana. Novemba imelingana. Oktoba imegoma.

Ni kile kijitabu changu dhidi ya butura. Nakala mia tano, 350,000, taslimu. Fedha alinipa Mama Joviana mwenyewe, mkononi, akasema amekopa kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa. Basi nikaandika: zimetoka kikundini, zimekwenda kwa mchapaji. Kisha nikaingiza salio la kitabu chake cha kikundi, chenye mihuri ya kila wiki. Dirisha likakataa. Tofauti: 350,000. Nikarudia mara nne. 350,000.

Nikampigia Ukasha kwa ukali. Programu yako mbovu! Akaniuliza kitabu kina muhuri wa mkopo Oktoba? Nikatazama. Hakina. Basi Mwalimu, akasema, mashine haina ugomvi na wewe. Pesa imetoka mahali. Tafuta mahali.

Jumanne, 20 Mei 2025

Nimemuuliza Mama Joviana. Alikuwa anamenya ndizi, hakusimamisha kisu.

Nilidhani hutauliza kamwe, Baba Joviana.

Shamba la Nyabiyonza, alilorithi kwa mama yake. Oktoba, miti ikiwa imechanua maua meupe, alimuuzia Nolasco maua yote. Laki tatu na nusu. Zote akanipa mimi, za mchapaji.

Mimi! Kijitabu cha kurasa arobaini dhidi ya butura, kimechapwa kwa butura. Nikauliza kwa nini. Akasema nilikuwa nimeandika miezi minne, silali, sili, mchapaji anataka chake, nami natembea uani nikiongea na kuku. Ungemwomba nani, mume wangu? Umegombana na kila mwenye fedha kuanzia Kayanga mpaka Rubwera.

Halafu akasema: na kitabu ni kizuri. Nimekisoma mara mbili. Ukurasa wa kumi na tisa umekosea bei ya kahawa ya maganda.

Kwa hiyo Nolasco alijua. Alipoinua mkono pale Ihembe alikuwa na jibu mfukoni.

Jumatano, 21 Mei 2025

Nimekwenda Nyabiyonza peke yangu. Matunda yameshonana kwenye matawi, mengine yameanza kuwa mekundu. Nimekadiria mti kwa mti. Kwa bei ya mnada wa juzi ni milioni moja na laki sita, kwa uchache. Wiki mbili zijazo pikipiki tatu zitakuja kubeba.

Miaka ishirini na mbili ya ndoa, na sikujua ninaishi na mtu wa kiasi hiki. Nilidhani ananivumilia. Kumbe ananigharamia.

Ijumaa, 23 Mei 2025

Nimefanya jambo. Nimeandika Oktoba hivi: zimetoka *mengineyo*. Nikabonyeza.

Likakubali! Bila neno. Pande zote sawasawa, mshale unapepesa ukingoja amri nyingine. Hilo limeniogopesha kuliko lilipokataa. Dirisha hili halijui ukweli. Linajua kulingana tu. Ukweli limeniachia mimi.

Nikamwonyesha Mama Joviana. Nikamwambia nimemkinga: halmashauri imepiga marufuku butura, anayeuza anahojiwa sawa na anayenunua, na wanawake wa kikundi watamsema mpaka Krismasi. Akasoma mstari ule kwa kidole. Akauliza mengineyo ni nani. Nikasema si mtu, ni neno la wahasibu.

Basi si mimi, akasema, akaenda kufunga kuku.

Nimechapa karatasi ilivyo. Kesho saa nne.

Jumamosi, 24 Mei 2025

Naandika nikiwa kwenye benchi, Ihembe, nyuma ya karatasi ileile.

Nimesoma. Bando nimelisoma kwanza, wakacheka, nikacheka nao. Ukumbi ulikuwa wangu. Novemba, Desemba, mpaka Mei, watu wanaandika viganjani kwa kalamu! Oktoba nikaipitia haraka.

Nolasco akainua mkono. Mwalimu, hongera, hesabu safi. Naomba kueleweshwa tu. Mchapaji alilipwa laki tatu na nusu. Mengineyo ni nani?

Hapo ndipo mvua ilipoanguka. Mvua ya huku, juu ya bati tupu — mwenyekiti amepiga kelele mara mbili kisha ameonyesha kwa mikono: tungoje. Hakuna anayemsikia jirani yake.

Nimekata neno *mengineyo* kwa kalamu. Juu yake nimeandika: maua ya shamba la Nyabiyonza, mali ya Adventina, mke wangu. Miguu yangu ilikuwa tayari. Najua kusimama, ndiyo kazi yangu.

Lakini upande wa wanawake Mama Joviana alikwisha kusimama. Ameshika kijitabu, kidole ndani ya ukurasa. Wenzake wanamvuta kitenge akae, hakai. Anamtazama Nolasco, na Nolasco anatazama mlango, na mlangoni ni maji matupu.

Nilipoinuka nusu, akanionyesha kiganja. Kaa.

Nimekaa.

Mvua inapungua.