Masale ya Shirimatunda na Kozi Yako

Kidia, Old Moshi,
Kilimanjaro.
Jumanne, 22 Julai 2025

Mpendwa binti yangu Kindness,

Kosa la wengi wanaoandikiana siku hizi ni kuruka salamu na kuingia kwenye shida moja kwa moja. Ujumbe wako wa jana ulianza na "Baba mdogo, nina tatizo." Nimekusamehe, maana niliona haraka uliyokuwa nayo, lakini mimi nitaanza panapostahili. Hujambo huko Windhoek? Kile kikohozi kimekwisha? Wajukuu zangu wameizoea baridi kavu ya huko? Na marahaba, kwa shikamoo ambayo hukuiandika.

Sisi hapa ni wazima. Ukungu wa Julai umetuficha mlima wiki nzima. Mama yako mdogo yuko kwenye kahawa tangu asubuhi, maana imeiva kwa mkupuo na hataki kusikia habari nyingine. Ng'ombe amezaa ndama jike. Maziwa yapo tena, na mtori wa nyumba hii, ule mchuzi wetu wa ndizi, umerudi kuwa mtori.

Sasa tatizo lako. Umesema chuo kimekupa kozi ya hiari ya teknolojia na usanifu wa miji, na kwamba wanafunzi wasipotimia idadi kufikia Ijumaa kozi itafutwa, nawe utarudishwa kusimamia mitihani ya wengine. Umekusudia kuwavutia kwa droni na programu za ramani tangu kipindi cha kwanza. Nakuelewa. Kozi ya lazima huwa na wanafunzi hata mwalimu akisinzia, ila ya hiari inabidi ipendwe. Hata hivyo nakuomba usianze hivyo, na nitakueleza kwa nini.

Unajua kwamba baada ya kustaafu, chuo kimoja huko chini mjini kiliniita nifundishe kozi kama hiyo. Muhula uliopita tulichukua mtaa mmoja wa Shirimatunda ambako maji ya mvua huingia majumbani. Kazi ya wanafunzi ilikuwa kusanifu mtaro. Walirusha droni, wakatengeneza ramani nzuri sana, hata mimi niliisifu. Kati ya viwanja viwili ulionekana mstari mwembamba wa kijani, umenyooka, hauna nyumba. Wakaamua mtaro upite hapo, wakaenda kupigilia vigingi, na ili waone vizuri kutoka kigingi hadi kigingi wakafyeka kile kijani.

Yalikuwa masale. Unayajua, lakini ualimu haumwachi mtu, acha nieleze. Isale, mmea ule wa majani marefu, kwetu Wachagga ni mpaka, na mpaka wenyewe ni neno la watu wawili waliokubaliana. Masale yale waliyapanda Mzee Melkior, aliyehamia pale kutoka huku kwetu mlimani, na jirani yake Bi Rukaiya, fundi cherehani, mzaliwa wa mjini, baada ya ugomvi wa kiwanja uliowachosha wote wawili. Waliyapanda pamoja mbele ya mjumbe wa mtaa. Asubuhi ile Melkior alipokuta visiki aliwashutumu watoto wa Rukaiya, na Rukaiya naye akamwuliza kama uzee umemfanya asahau alichokata mwenyewe. Ugomvi ukafufuka pale pale.

Ilipojulikana ni wanafunzi, mjumbe akatupiga marufuku mtaani. Kozi ikabaki bila mahali pa kufanyia kazi, na vijana wakaanza kuhamia kozi ya hiari ya ujasiriamali, ambako hakuna anayefukuzwa mtaani. Nikawakusanya waliobaki. Kijana mmoja wa Dar, Lucky, aliyeshika panga siku ile, akaniambia, "Dokta, mimi niliona ni maua tu." Nilimwamini. Kwao hakuna masale. Lakini mstari wa mtaro ulikuwa umechorwa na Tabitha, binti wa hapa hapa Old Moshi, ambaye kwao masale yanaanzia mlangoni. Nikamwangalia. Akasema polepole, "Nilijua ni masale, Mwalimu. Ila kwenye ramani hayakuwa na alama."

Kindness, hilo ndilo ninalotaka ulishike. Binti yule hakukosa elimu. Aliiacha nje ya mlango wa darasa kwa sababu sisi walimu tulianza na kifaa, naye akadhani kisichoonekana kwenye kifaa hakihitajiki chuoni.

Tabitha alichuma isale kwao, akalifunga fundo kama desturi inavyotaka, akaomba ruhusa kwa mjumbe, akashuka nalo Shirimatunda, sisi tukimfuata nyuma. Alimpa Mzee Melkior kwa mikono miwili. Mzee akalipokea, maana anajua kwamba Mchagga akiletewa isale la kuombwa radhi hana njia ya kukataa kusamehe. Kisha akamwuliza, "Hili umelikumbuka, mwanangu. Lile ulisahauje?" Tabitha alipomgeukia Bi Rukaiya, mama yule akasema yeye si Mchagga na majani hayamfungi, kwa hiyo yeye atasamehe kwa hiari yake mwenyewe, na huyo mzee ndiye aliyelazimishwa. Melkior akacheka kabla ya wote.

Masale yamepandwa upya, na mashimo aliyachimba Lucky. Mtaro tuliusogeza ukapita kando ya njia ya miguu, kwa makubaliano ya nyumba zote mbili, na wameshaanza kuuchimba. Sijui kama utabeba maji yote. Mvua ya masika ndiyo itakayosahihisha mtihani huo. Lakini ramani yetu sasa ina alama ya masale, na vijana walionikimbia walirudi kabla muhula haujaisha. Hakuna aliyerudi kwa ajili ya droni.

Kwa hiyo irushe, ila wiki ya tatu. Wanafunzi wako wanatoka makabila mengi, na kila mmoja ana masale yake, hata kama huko yanaitwa jina jingine. Kipindi cha kwanza wapeleke mtaani wakasalimie watu. Nimefundisha miaka mingi, na nina hakika hawatakukimbia.

Ndugu yako Eliufoo anakusalimu, ndiye atakayepiga picha barua hii ikufikie leo. Mama yako mdogo anauliza kama kahawa aliyokutumia imekwisha. Wasalimie mume wako na watoto, na Mungu aliyekuvusha mitihani yako akuvushe na ya wanafunzi wako.

Basi leo, kabla hujafungua kompyuta, nenda kwa miguu hadi mtaa utakaowafundishia, ubishe hodi nyumba ya kwanza, na usalimie.

Ni mimi nikupendaye kama nilivyompenda baba yako,
Baba yako mdogo,
Ebenezeri