Simu Imekudhania Mwizi, Mama

Mama,

Simu yako iko juu ya cherehani, imejaa chaji, na si mbovu. Bibi harusi anakuja saa nne kujaribu gauni na vipimo vyake vimo humo, kwa hiyo soma hadi mwisho kabla hujaikimbiza kwa fundi simu.

Asubuhi nilikuwa nakuwashia ulinzi dhidi ya wizi. Mtu akiinyakua simu na kukimbia nayo, inajifunga yenyewe. Kabla sijamaliza kukueleza ukadhani nachungulia meseji zako, ukaipora mkononi mwangu na kutimka nayo hadi chumbani. Simu ikaona mwizi, ikajifunga. Halafu ukaniambia, "Diploma yako imeniulia simu," ukaninunia mpaka chai ikapoa. Sawa, mama. Lakini ile simu yako ya zamani iliyoibwa sokoni hukuililia yenyewe, ulililia vipimo vya wateja wa miaka sita. Ndiyo maana nikawasha ulinzi.

Usizime kitu. Kidole gumba chako kimeliwa na sindano, hakisomeki, tumia namba ya siri. Ile uliyoiandika kwa chaki nyuma ya kava nimeibadilisha. ~~Mpya ni~~ Hapana, siiandiki, kaka ataisoma karatasi hii kabla yako.

Namba mpya ni bega langu na kiuno changu, kwa inchi, vikifuatana. Vya wateja unavitunza kwenye simu. Vyangu sijawahi kukuona ukiviandika popote.

Kiuno ni cha sasa, usinipendelee.

Kitinda mimba wako