Mgeni wa Saa Sita Mchana

Dada yangu mkubwa,

Kwa heshima na taadhima nakutangazia kwamba ile meza ya jikoni haiyumbi tena. Tangu mwezi wa pili nimeitia karatasi mguuni, na sasa imetulia kama hakimu. Baada ya tangazo hilo zito, hujambo? Shemeji na wanao hawajambo? Mimi mzima, redio mbovu za watu bado zinanilisha. Mama yupo, ila ukungu wa macho umezidi. Jana aliukaribisha ndani mwavuli wangu, kisha akaulaumu kwa kutoitikia.

Sasa habari za nyumba. Mkopo wake bado una miaka sita. Mwezi wa tatu nilipeleka benki rejesho la kawaida na nyongeza nono juu yake, ili deni liishe mapema. Binti wa dirishani akagonga muhuri, akaniambia hongera kaka, wengi hawawezi. Nilirudi nikipiga mluzi.

Siku mbili baadaye, saa sita mchana, nikiwa kibandani kwangu, mama alipata mgeni. Alisema ni mwanamume mpole asiye na kishindo cha miguu, anayepima vyumba. Alisikia utepe wake ukifyatuka sebuleni, halafu chumbani kwako. Nikamgombeza kwa kumfungulia. Akanijibu nisimletee mdomo, hakumfungulia mtu, alimkuta ndani. Nilicheka, hadi nilipoona chaki kwenye mlango wa chumba chako: namba moja. Mwisho wa mwezi benki wakaniandikia kwamba deni liko vile vile, kana kwamba ile nyongeza nilimpa upepo.

Mwezi wa nne nikaongeza zaidi. Mgeni akarudi, namba mbili ikawa mlangoni kwangu. Mama alisema anapumua kwa mdomo kama marehemu baba, basi akamwekea chai. Kikombe nilikikuta kitupu, kimefunikwa kifudifudi kwenye kisahani. Unakumbuka nani alikuwa akifanya hivyo.

Mwezi wa tano, baada ya kulipa, nilishinda nyumbani siku tatu nikimvizia. Siku ya tatu nilitoka dakika kumi kununua waya. Niliporudi, namba tatu ilikuwa kwenye mlango wa mama, naye ameketi kitandani, mikono mapajani. Alisema mgeni amemuuliza kama ana pengine pa kulala. Safari hii deni lilikuwa limeongezeka.

Nikaenda benki nikifoka. Binti yule, bila hongera, akanieleza kwamba anayelipa nyongeza hutozwa ada ya kulipa kabla ya wakati, na ada ya mthamini wa kupima nyumba upya. Ada zikizidi nyongeza, zinaingia kwenye deni. Nikamuuliza huyo mthamini anaingiaje. Akashangaa: nyumba ni dhamana, kaka, ufunguo wa pili tunao tangu mwanzo. Kuhusu kikombe hakuwa na maelezo. Akasema yote yako ukurasa wa tisa wa mkataba, si nilisaini? Nimeutafuta ukurasa huo hadi leo, sijauona.

Dada, hapa kalamu inakuwa nzito. Nyongeza zile hazikutoka kwenye redio. Ni pesa ulizotuma mama apasuliwe macho. Nilikuandikia kwamba daktari anasubiri ukungu ukomae. Daktari hajawahi kumwona. Nilijidanganya kwamba nitakushangaza kwa hati ya nyumba. Juzi mama alinipapasa uso, akasema anataka kuona kama nimezeeka. Nimeuza vifaa vyangu vikubwa vya kazi, nimepata nafasi ya upasuaji tarehe kumi na nne, jicho moja. La pili sina cha kulilipia. Njoo unitukane ana kwa ana, lakini uwe hapa siku bandeji inafunguliwa.

Shemeji mpe mkono wangu, na wanao wavute masikio kwa niaba yangu. Mama anakusalimu sana, anauliza kama yule mgeni umemtuma wewe.

Mdogo wako, uliyembandika jina Wakili kwa kuwa hakosi kusoma karatasi.

Nimefungua tena bahasha. Ukurasa wa tisa nimeupata, ulikuwa chini ya mguu wa meza. Unasema nyongeza haitozwi chochote, mradi uwaandikie barua siku thelathini kabla.