Vali ya Mzee wa Pampu

4 Machi

Kidole wangu,

Kuna jambo nimewaficha wote nyumbani, nawe ndiye wa kwanza kuambiwa: nacheza lile gemu lako. Lile la dunia iliyoungua, uliloliacha chini ya runinga ulipohamia huko kutengeneza lifti. Naandika kwa karatasi kwa sababu simu yangu mama yako huipekua.

U mzima lakini? Kifua kimepona? Mimi sijambo, miguu tu ndiyo imegoma.

Mama yako akienda kazini, nafunga mlango, navaa miwani. Mwanzoni nilikuwa siizimi mashine. Niliona nikiizima nitawaacha wale watu wa kambini gizani peke yao. Mama yako akashangaa sanduku lina moto kama pasi.

Habari ya kuiokoa dunia sijaigusa. Jenerali kila mara ananiita kwenye redio: "Ulimwengu unakusubiri!" Namjibu, "Usubiri." Mimi napenda vijikazi vya pembeni. Nimemrudishia mama mmoja cherehani yake kutoka jengo lenye panya wakubwa kama mbuzi. Nimewapatanisha ndugu wawili waliogombea paa la bati. Nilisomea uhandisi wa maji, nikajenga mabwawa, lakini hakuna aliyewahi kunishukuru kama yule mama wa cherehani.

Babu yako

19 Machi

Shikamoo Babu,

Barua yako nimeisomea juu ya lifti iliyokwama, nikacheka mpaka fundi mkuu akadhani nimepigwa na shoti. Kifua kimepona. Hiyo miguu imegoma tangu lini? Mama anasema ni uchovu tu.

Babu mhuni wewe! Miaka yote hiyo, "Zima hilo dude ukasome!" Leo ni wewe unayewinda panya? Haya, niambie, mzee wa pampu umemfikia? Yule anayekaa juu ya mnara wa maji, anayetafuta vali. Katika misheni zote za pembeni, hiyo ndiyo ninayoipenda zaidi. Sisemi mengine, nisikumalizie utamu.

Mjukuu wako, Kidole

8 Aprili

Kidole wangu,

Marahaba. Natumaini lifti zako zinapanda na kushuka kwa adabu.

Mzee nimemfikia. Kwanza, aliyeichora ile pampu hakuuliza fundi. Vali kazi yake ni kuzuia maji yasirudi, wao mahali pake wamepachora kinyume, yaani hata tone lisingepanda. Nilimweleza mzee kwa sauti, tena kwa kirefu. Akanijibu kama anavyonijibu kila siku: "Umeileta, mwanangu?"

Ninayo. Imo mkobani wiki kadhaa sasa. Lakini sijampa. Jirani yake, yule muuza mitumba, aliniambia kwamba kinachomweka mzee pale ni pampu tu. Siku itakapopona, naye ataondoka. Basi kila asubuhi napanda ngazi za mnara, nakaa naye kidogo, nashuka. Juzi mama yako alinisikia nikisema, "Bado, mzee mwenzangu, bado." Akauliza naongea na nani. Nikasema naijibu redio.

Babu yako

21 Aprili

Babu, shikamoo.

Mpe basi, maskini ya Mungu! Au ngoja, usimpe. Nimeomba likizo, nimepewa Julai. Nisubiri tumpe pamoja, mimi nishike pedi ya kuchezea, wewe ukosoe mabomba. Mimi nilimpa kwa pupa, nikitaka zawadi, nikaruka maneno yake ya mwisho. Mpaka leo sijui alisema nini, na inaniuma kwelikweli, usinicheke.

Mama anasema huli vizuri. Kula, Babu. Julai si mbali.

Kidole

2 Juni

Kidole wangu,

Barua yako nimekaa nayo muda mrefu, nisamehe. Siku hizi naandika mistari michache, napumzika. Wewe hujambo? Runinga imehamia chumbani kwangu. Ndiyo, mama yako anajua. Alinikuta na pedi mkononi, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akauliza kitufe cha kuruka ni kipi. Anapiga panya vibaya sana.

Sikukungoja. Jana, mama yako akinishikia pedi, tulimpa mzee vali yake. Maji yakapanda, ingawa imekaa kinyume, nimewasamehe. Watu wakatoka na ndoo, wakipiga kelele. Wewe uliyaruka maneno yake, basi nakuandikia yote: "Nilidhani nakaa hapa kwa ajili ya pampu. Kumbe nilipenda tu mtu kunipandia ngazi." Akachukua kofia yake, akashuka polepole, akawaaga wenye ndoo mmoja mmoja. Ilikuwa asubuhi nzuri, Kidole. Mama yako alinishika mkono, tukatazama maji.

Nimekuachia kijikazi kimoja. Mbwa wa mlinzi bado yuko kwenye daraja lililovunjika, hajarudishwa kwao. Huyo ni wako. Jenerali mwache aendelee kuita.

Ukipata ruhusa, njoo mapema. Usipopata, usijilaumu hata kidogo, maana kosa ni langu: Machi sikukuambia yote. Miguu haikugoma. Mashine yako niliiwasha Januari, siku ileile niliyotoka kwa daktari, aliponiambia kwamba Julai sitaiona.

Babu yako