Soli za Njiti

Nyumba ya pili nyuma ya kiwanda cha magodoro,
Jumapili, 28 Juni.

Mpendwa Dada,

Barua yako ilifika Jumanne ikiwa imelowa kona moja, lakini hakuna neno lililofutika. Nimefurahi kusikia kikohozi kimekuachia, ingawa hukusema kama bado unafanya zile zamu za kufua mashuka ya wodi mbili peke yako. Ukijibu, niambie hilo kwanza. Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri, wifi yako amepona jino, na watoto wanarefuka kila ninapowatazama.

Kazini hakuna jipya. Bado niko stoo, nahesabu vitambaa na sponji, na msimamizi bado anapoteza kalamu zangu. Mabaki ya sponji aliniruhusu kuchukua, nimeshonea mikanda ya mabegi ya watoto ili isiwakate mabega safarini.

Sasa nije kwenye safari yenyewe. Unajua nadhiri ya Mama. Mtoto wetu wa mwisho alipozaliwa njiti, akalala wiki tano katika kile chumba chenye joto, Mama alisimama kwenye kioo kila siku. Alisema akitoka salama, mwaka atakaotimiza miaka saba watakwenda pamoja hadi kanisa la mlimani, Mama kwa miguu yake na mtoto kwa miguu yake. Mtoto alitoka, jina la Njiti likambakia, na mwaka huu ametimiza saba. Mama naye ametimiza sabini na moja. Hatuwezi kuahirisha tukijidanganya kwamba mwakani itakuwa rahisi.

Ni kilomita mia moja ishirini na sita. Kundi la hija linaondoka tarehe 15 Agosti na kutembea siku saba, kilomita kumi na nane kwa siku. Katibu wa kundi anataka kila mzazi aweke sahihi kwamba mtoto wake anaweza mwendo huo.

Nilianza mazoezi mapema, Jumamosi ya tarehe 18 Aprili. Niliwanunulia watoto viatu siku moja, duka moja, aina moja. Kila Jumamosi nilitangulia mbele na saa yangu, na kila kilomita nilipuliza filimbi, nikageuka kuwahesabu, nikaandika dakika. Jumamosi tisa mfululizo shajara yangu inasema: Njiti, kilomita kumi na nne, hajalalamika. Nilijivuna, Dada, sikufichi. Nilimwonyesha hata msimamizi wangu.

Tarehe 15 mwezi huu nilimpelekea fundi wa pale kona viatu vyao aviangalie kabla ya safari. Aligeuza kimoja, akageuza kingine, akavua miwani.

“Huyu mdogo anatembea au anapaa?”

“Anatembea. Kumi na nne kila Jumamosi, nimeandika.”

“Wewe umeandika, viatu vimekataa. Na huyu binti mnambebesha nini? Saruji?”

Soli za Njiti zilikuwa karibu mpya. Za dada yake, yule tunayemwita Mwalimu, zilikuwa zimelika kisigino hadi kitambaa kinachungulia. Nilirudi nyumbani nikawaweka wote wawili kwenye kochi, viatu juu ya meza mbele yao. Mwalimu ana miaka kumi na mmoja na hajui kusema uongo akiulizwa moja kwa moja. Kumbe kuanzia kilomita ya nne au ya tano alikuwa anambeba mdogo wake mgongoni, begi kalivaa kifuani.

“Mbona mimi sikuona?”

“Baba, wewe unaangalia saa. Hugeuki mpaka upulize.”

“Ukipuliza, nashuka,” Njiti akasema. Alisema kama mtu anayeeleza kazi yake.

Nikamuuliza binti kwa nini hakuniambia. Akanikumbusha maneno yangu ya siku ya kwanza, kwamba asiyeweza ataachwa kwa jirani. Ni kweli nilisema, na nimeyakuta kwenye shajara kwa mwandiko wangu. Nilidhani nawatia moyo. Yeye alikuwa anahakikisha mdogo wake haachwi. Wifi yako alipiga kelele kidogo kuhusu mgongo wa mtoto wa kike, akampeleka kupimwa, na tunashukuru mgongo ni mzima. Kisha akaingia jikoni, nikamsikia anacheka peke yake juu ya ile filimbi.

Jumamosi iliyofuata nilitembea nyuma ya wote, bila filimbi. Njiti alikwenda kilomita sita kwa miguu yake. Hapo akakaa chini kwenye ukingo wa barabara, akavua kofia, akasema amemaliza. Hakulia. Nami sikumlazimisha.

Kesho yake nilikwenda chumbani kwa Mama kumwambia. Njiani nilijiandalia maneno, maana sikuona namna nyingine ila kumwomba asubiri mwaka mmoja, na ilikuwa vigumu kwangu kumwambia hivyo mtu wa umri wake. Alikuwa anapiga pasi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaisimamisha pasi wima.

“Sita, kweli? Hakubebwa?”

“Kweli, Mama.”

“Basi amenishinda. Mimi huishia tano.”

Dada, kumbe goti la kushoto lilianza kumsumbua tangu Mei. Asubuhi anapotuaga kwamba anazunguka hadi soko la pili na kurudi, alikuwa anafika kwa muuza vitambaa, anakaa kwenye benchi lake, wanapiga soga, anarudi. Mimi namuuliza jioni, ananiambia hana neno, na mimi naandika: Mama, hana neno. Nikamuuliza alitaka kufanyaje siku ya kutembea kilomita kumi na nane. Akasema angemwomba Mungu, na asipopata jibu angekaa chini.

Jibu lilitoka kwa wifi yako. Aliuliza tu, “Kwani lazima tuondoke na kundi?” Nilichukua karatasi. Kilomita tisa kwa siku, tano asubuhi na nne jioni, ni siku kumi na nne kamili. Shule zinafungwa tarehe 31 Julai, likizo yangu ni siku ishirini na nane. Tukiondoka Jumamosi ya tarehe 8 Agosti, tutafika mlimani tarehe 21, siku ileile ya kundi. Katibu nilimpa hesabu ya kweli, pamoja na habari ya filimbi. Alicheka hadi akakohoa, kisha akaniandikia barua za kutuombea mahali pa kulala njiani.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Likizo yako uliiomba kuanzia tarehe 14, usiibadilishe. Jioni ya siku hiyo tutakuwa tumefika nusu ya njia, kwenye ule mji wenye mnara wa maji. Shuka basi hapo, nitakuwa stendi. Mama anasema usipokuja atatembea hivyohivyo, lakini kila mara anahesabu vikombe vya safari akikuwekea chako. Mletee bandeji ya kubana goti, ile ya kuvuta, saizi ya kati.

Jana tumejaribu mpango mpya pamoja na Mama. Njiti alitangulia mbele ili mwendo uwe wake, Mwalimu ndiye aliyeshika shajara, mimi nikawa wa mwisho. Kilomita tano asubuhi, nne jioni. Mama alipumzika mara tatu, na kila mara Njiti alikaa naye akamwambia wasikimbizane. Wamemaliza wote wawili. Tulipita kwa fundi kabla hajafunga. Akamwinua Njiti mguu kama anayekagua punda, akasugua soli kwa kidole gumba. Imeanza kulika kidogo kwenye ncha.

“Haya,” akasema, “sasa huyu amegusa ardhi.”

Mwalimu ameyaandika maneno hayo kwenye shajara, chini ya tarehe ya jana. Zile Jumamosi tisa sikuzifuta. Nimepiga mstari kando na kuandika: alibebwa na dada yake.

Msalimie shemeji, na wanao waambie mjomba wao hajasahau ahadi ya mpira. Mama anakubariki kwa mikono yote miwili, wifi yako anakusalimu, na shangazi wa watoto hawa anasubiriwa kuliko safari yenyewe. Mungu akulinde kwenye zamu zako, akufikishe salama kwenye ule mnara wa maji.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mtunza stoo, sasa mtembea nyuma.